Rudia Mpaka Treni Iondoke

Kwanza mjue kwamba Spika alikuwa na sauti. Si hizi sauti zetu za kuombea chumvi mezani. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, na akisema kwenye kipaza sauti kwamba treni ya asubuhi itachelewa, watu walimsikiliza kwa raha mpaka wakasahau kukasirika. Jina la Spika alipewa na makuli wa stesheni, likamganda. Hata mkewe, Mama Watoto, alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa hana furaha alimwita Baba Watoto, na hapo mwenyewe alijua kuna jambo.

Kisha koo likaugua. Madaktari walimpasua wakamwokoa, na shukrani zao wanazo mpaka leo, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, pumzi tu, kama tairi linalovuja. Akastaafu, akakaa nyumbani, akanunua filimbi ya kumwitia mkewe akiwa jikoni. Mama Watoto alivumilia kutwa moja. Kesho yake akamwambia kwamba yeye si treni, na filimbi ikaishia kabatini.

Yote hayo Spika aliyameza. Lililomkaa rohoni ni moja tu. Binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuwa anaolewa. Tangu Kitinda akiwa mdogo, akishinda na baba yake kwenye chumba cha matangazo na kuchezea waya alizokatazwa kuchezea, Spika alikuwa amemwahidi kwamba siku ya harusi yake atawakaribisha wageni mwenyewe, na atamuaga mwenyewe, kwa sauti yake, asisemewe na mtu. Ilikuwa ahadi ya mtu na mwanawe. Sasa harusi ile inakaribia, na sauti ya kuitimizia haipo.

Kaka mkubwa wa Spika alijitolea haraka, tena haraka kupita kiasi ukiniuliza mimi. Huyu watoto wote wa ukoo walimwita Baba Mkubwa mbele yake, na Hotuba nyuma ya mgongo wake. Ni mtu mwema, roho yake safi kabisa, lakini mpe kipaza sauti umekwisha. Kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa alianza kusema barafu ikiwa barafu kwenye bilauri za watu, ikayeyuka ikawa maji, na yeye bado yuko kwenye salamu. Alimshika Spika bega, akamwambia asijisumbue, maneno yote atayasema yeye. Spika aliitikia kwa kichwa, shingo upande. Siku hiyo chakula hakikushuka.

Aliyeona kwamba hakikushuka ni dada yao mdogo. Tumwite Shangazi, maana ndivyo Kitinda alivyomwita. Shangazi alifundisha kompyuta shule ya sekondari; mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu, haogopi kaka mkubwa wala mdogo. Alikuja na kompyuta kuukuu kwapani, akasogeza sahani, akaiweka mezani.

"Kaka, hii haina koo," alisema. "Lakini ukiiamuru iseme, inasema."

Akamweleza mpango wake. Spika alikuwa na boksi la viatu chini ya kitanda, limejaa kanda za matangazo alizokuwa akirekodi ili zipigwe siku anazopumzika. Sauti yake ilikuwamo humo, nzima, haijaguswa na kisu. Shangazi atazihamishia kanda zile kwenye kompyuta na kuzikatakata vipande. Ila programu ya kuvipanga vile vipande, kipi kianze na kipi kifuate, Spika ataiandika kwa mkono wake. Spika alinong'ona kuuliza kwa nini Shangazi asimwandikie, maana ndiyo kazi yake. Shangazi akamwambia kwamba akimwandikia atakuwa amemsemea, na kama ni kusemewa, Hotuba yupo na hana kazi.

Basi mafunzo yakaanza, kila jioni Shangazi akitoka shule, kwenye meza ile ile ya chakula.

Somo la kwanza Shangazi alimwambia kwamba kila anayejifunza lugha ya kompyuta, popote alipo, huanza na kiprogramu kimoja kidogo: unaiamuru mashine iandike kwenye kioo kwamba inaisalimu dunia. Spika alikunja uso. Dunia ipi, na imesimama jukwaa gani? Yeye hajawahi kufungua kipaza sauti bila kujua anaongea na nani. Akaifuta dunia, akaandika *Karibuni, abiria*, akabonyeza.

Mashine ikakataa. Ikatoa malalamiko mekundu kioo kizima. Shangazi alieleza kwamba lugha hii ni ya utaratibu, inataka kila amri ifungwe kwa nukta na mkato chini yake, na mabano yafunguliwe na yafungwe, na kabla ya hayo yote ujitambulishe kwa maneno marefu. Spika alisoma malalamiko yale kwa makini, kisha akaanza kucheka cheko lake la pumzi. Alikuwa anamjua huyu. Ni Karani wa tiketi wa stesheni yao, yule aliyekuwa anakurudisha nyuma ya foleni kwa sababu umeandika jina kwa wino mwekundu. Tangu hapo lugha ile ikaitwa Karani, na Spika akaiandikia kwa adabu zote, nukta na mkato kila mahali, mpaka *Karibuni, abiria* ikatokea. Alimwita Mama Watoto aje aone. Alimwita kwa kugonga meza, maana filimbi imeshapigwa marufuku.

Mama Watoto alitazama yale maneno mawili, akauliza ndiyo hayo tu yaliyowashinda jioni nzima.

Lakini Karani hakufaa. Kuifanya itoe sauti kulihitaji taratibu juu ya taratibu, na harusi haingoji. Shangazi akamhamishia kwenye lugha ya pili. Hii haikutaka nukta wala mkato, ila ilitaka mistari ipangwe sawasawa, ya ndani isogee ndani, na ukikosea nafasi moja tu inagoma. Spika akaitambua papo hapo: Mkaguzi, aliyekuwa akitembea jukwaani akihakikisha mabehewa yamenyooka. Kwa Mkaguzi aliiandika upya programu ya kwanza, akaandika na ya pili, ile inayokuuliza jina lako kisha inakukaribisha kwa jina. Mama Watoto alikaa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja huku akijifanya hana haja. Mashine ikamjibu: *Karibu Mama Watoto, behewa la mbele, upande wa dirisha.*

Mama Watoto akasoma. Akaandika tena. Akaandika jina la mama yake, akaandika na la jirani asiyempenda, ambaye naye alipewa dirisha, jambo lililomuudhi kidogo. Jioni ile chai iliungulia jikoni na hakuna aliyenuna. Spika alikuwa hajamwona mkewe akicheka vile tangu hospitali, na roho yake ilitulia kama mtu aliyevua viatu.

Ikaja lugha ya tatu, na hiyo ndiyo iliyobeba kazi. Ilipokea chochote. Ukisahau alama, inakusamehe. Ukichanganya namba na maneno, inachukua tu na kwenda. Tena kucheza sauti kwake ni amri moja. Spika akaiita Kuli, kwa heshima kabisa, kwa sababu Kuli haulizi mzigo una nini wala unakwenda wapi. Unamtwisha, anabeba. Shangazi alimwonya kwamba hapo hapo ndipo Kuli huwatia watu matatani: ukimwambia arudie jambo, atarudia, na hatakuuliza mpaka lini. Ni lazima umwambie mwenyewe.

Sasa kuhusu zile kanda. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya stesheni na si kingine. Hamkuwa na "binti yangu." Hamkuwa na "nakupenda," wala "Mungu awabariki." Kulikuwa na karibuni, kulikuwa na mizigo, kulikuwa na kuombana radhi kwa kuchelewa. Walisikiliza boksi zima, na Spika akaanza kufa moyo, mpaka wakafika kwenye kanda moja isiyo na maandishi. Hiyo fundi wa stesheni aliirekodi siku moja akijaribu mashine mpya, na siku hiyo ndipo Kitinda alipotoroka chumba cha matangazo akapotelea jukwaani.

Sauti ya Spika ikatoka kwenye kompyuta, changa, imejaa, inatetemeka kidogo: "Mtoto wa kike mwenye gauni la njano. Mtoto wa kike mwenye gauni la njano. Baba yako anakusubiri chumba cha matangazo."

Shangazi aliacha mdomo wazi, na kwake hilo ni jambo la kuandikwa. Spika alikuwa anaitazama meza. Aliikumbuka siku ile vizuri. Kitinda alirudi mwenyewe, hana hata wasiwasi, akasema hakupotea, alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa anamngoja baba yake aje wapande. Akataka kujua kwa nini watu wote wanapanda na wao hawapandi. Spika alimjibu kwamba mtangazaji hapandi. Mtangazaji anabaki jukwaani anatangaza mpaka behewa la mwisho litoke. Ndiyo kazi yenyewe.

Sehemu ya mwisho ya programu Spika aliiandika peke yake, hakumwonyesha hata Shangazi. Alitaka iwe siri yake. Kila mchana, Kitinda akiwa hayupo nyumbani, aliijaribu, sauti ikijaa nyumba, na kila mchana Mama Watoto, aliyekuwa na mambo ya harusi mpaka juu ya kichwa, alivumilia kidogo kisha akaja akachomoa waya ukutani. Spika hakuona ubaya. Programu inaanza, inasema, inanyamaza. Atake nini zaidi? Hakujiuliza inanyamazishwa na nani.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vyeupe, viti vimejaa, feni zinazunguka kwa uvivu. Upande wa bwana harusi walichelewa kwa sababu gari lao liliharibika njiani, wakaingia wamelowa jasho, wanaomba samahani kila mlango. Hotuba alikuwa amekaa mbele, koti lake limetuna kifuani kwa makaratasi. Alisema amekuja nayo kwa tahadhari tu, hiyo mashine ikishindwa. Spika alimtazama, akarudi kwenye kompyuta yake. Mpiga muziki wa ukumbi akaunganisha kompyuta na spika zake kubwa, akampa ishara. Kitinda alikuwa amekaa kule jukwaani pembeni ya mumewe, shela limemfunika nusu uso, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Spika akapiga moyo konde, akabonyeza.

"Karibuni, abiria."

Ukumbi ulinyamaza. Si kwamba walielewa wote. Wenye umri walielewa kwanza, waliowahi kuisubiri sauti ile wamekalia masanduku yao, na mzee mmoja akasimama kabisa bila kujua kwa nini amesimama. Mama Watoto aliijua programu hii kichwani, ameichomoa mara chungu nzima, lakini kuisikia mbele za watu kulikuwa kitu kingine. Akashika mdomo.

"Tafadhali kaeni mbali na ukingo wa jukwaa."

Watoto waliokuwa wameegemea jukwaa la maharusi wakaruka nyuma, na hapo watu wakaanza kucheka. Ikafuata: "Tunaomba radhi kwa kuchelewa," na upande wa bwana harusi wakaangua kicheko kikubwa kuliko wote, baba yake bwana harusi akainua mikono juu kukiri kosa. "Hakikisheni hamjaacha mizigo yenu." Mama mmoja akaangalia mkoba wake kweli. Spika alikuwa amesimama wima kando ya meza, kidevu juu, kama alivyokuwa akisimama zamani. Mnaona, alikuwa hajasemewa na mtu.

Kisha sauti ikabadilika, ikawa changa. "Mtoto wa kike mwenye gauni la njano. Mtoto wa kike mwenye gauni la njano. Baba yako anakusubiri chumba cha matangazo."

Wageni hawakuelewa hili, na hawakutakiwa kuelewa. Kitinda alilifunua shela. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, wanja wote umeshuka mashavuni, anamtafuta baba yake kwa macho, na alipompata akampungia kwa mikono miwili, vile vile kama mtoto aliyeonwa jukwaani. Spika naye machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Treni iko tayari kuondoka. Tunakutakia safari njema."

Makofi yakapigwa, vigelegele vikapasuka, watu wakasimama. Pangekuwa mahali pazuri pa kuishia.

"Treni iko tayari kuondoka. Tunakutakia safari njema."

Wakapiga tena, wakidhani ni madoido.

"Treni iko tayari kuondoka. Tunakutakia safari njema."

Liliporudiwa mara kadhaa hivi, makofi yalianza kusitasita. Spika akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine. Kuli hakusikia, Kuli ana mzigo wake. Mama Watoto, ambaye peke yake ndiye aliyejua namna ya kuizima, alikuwa amekwama meza kuu katikati ya wakwe. Hotuba akaanza kusimama taratibu, mkono kwenye makaratasi. Spika aliuona ule mkono. Sasa kila kitu kitageuka kichekesho, na kumbukumbu itakayobaki ni ya mashine iliyoharibika na kaka mkubwa aliyeokoa shughuli.

Shangazi alifika mbio, viatu mkononi, akainama kwenye kioo akaisoma ile sehemu aliyofichwa. Akaisoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Spika alikuwa ameandika kitanzi, yaani ile amri ya kurudia, na aliiandika vizuri kabisa kuliko wanafunzi wengi wa Shangazi: rudia tangazo mpaka treni iondoke. Ila hakuna mahali popote kwenye programu nzima palipoandikwa kwamba treni imeondoka.

"Kaka," alisema, "na treni ataiondosha nani?"

Spika alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtoto analijua.

"Dereva," alinong'ona. "Mimi natangaza tu."

Mpiga muziki alikuwa ameshashika waya wa spika ili achomoe, na Hotuba ameshafika katikati ya ukumbi. Lakini Kitinda alikuwa ameshuka jukwaani, gauni kalikusanya mkononi, na maneno yale aliyasikia. Alimwambia mpiga muziki aache waya. Hakupandisha sauti, ila yule kijana aliuachia mara moja.

"Stesheni yetu tangazo halinyamazi treni ikiwa bado ipo," alisema. "Basi tuiondosheni."

Akamgeuza mumewe akamweka mbele. Mumewe alikuwa muoka mikate, mtu mkubwa mpole asiyependa kutazamwa, akasimama pale hajui afanye nini, mpaka Kitinda alipomshika mabega kwa nyuma na kumsukuma. Akaelewa. Akaanza kuchezesha viwiko kama magurudumu ya treni, kwa haya mwanzoni. Shangazi akamshika Kitinda mabega, viatu bado mkononi. Watoto wakajipachika. Baba yake bwana harusi akajipachika, na mama wa mkoba na mkoba wake. Mama Watoto alichomoka meza kuu kama alikuwa anangoja kuitwa, akavuta wakwe nyuma yake mmoja mmoja. Kila tangazo liliporudi, treni iliitikia kwa mayowe. Safari njema ya mara hii haikuwa ya kuchosha tena. Kila mtu aliisikia kama ni yake.

Hata Hotuba alinaswa. Alikuwa amesimama katikati ya njia, na behewa lililompitia lilimshika mkono likamwingiza. Alionekana akizunguka meza, miguu inakwenda na wenzake, huku akiusomea salamu zake mgongo wa mtu aliye mbele yake.

Treni ikazunguka ukumbi, ikashika njia ya mlango mkubwa, ikaanza kutoka uani kwenye jua.

Spika alibaki. Hakufikiria kubaki, alibaki tu, maana ndivyo alivyobaki maisha yake yote, kando ya mashine, mgongo wima, akiyahesabu kwa macho mabehewa yanayotoka. Alikuwa na furaha. Kila mara sauti yake iliposema safari njema, midomo yake ilisema nayo bila kutoa kitu. Ukumbi ulizidi kuwa mtupu. Mgongo wa Hotuba ukafika mlangoni.

Hapo ndipo Kitinda aliporudi, akipenya kinyume cha watu, shela limemwangukia mabegani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza, akasimama mbele ya baba yake akihema.

"Baba, panda."

Spika akatikisa kichwa, akitabasamu. Akanong'ona kwamba Kitinda anajua, mtangazaji hapandi.

"Siku ile nilikungoja pale mlangoni," Kitinda alisema. "Panda, baba. Tangazo linajitangaza lenyewe."

Spika aliiangalia kompyuta. Ilikuwa kweli. Mikono yake haikuwa na kazi yoyote, na sauti ilikuwa inaendelea, yake, nzima, haimhitaji wala haichoki. Kisha akavua koti, akaliweka juu ya kiti, akamfuata binti yake mbio mpaka mlangoni, akamshika Hotuba mabega kwa nyuma. Hotuba alihisi uzito wa mikono ile, akageuza shingo, akamwona ni nani. Akayarudisha makaratasi mfukoni.

Kitinda alipita mbio kwenda kumshika mumewe kule mbele. Treni ikajivuta uani, mayowe yakapanda, na ukumbini, juu ya viti vitupu, sauti ilikuwa bado inasema treni iko tayari kuondoka. Spika alipofika dirisha la mwisho aligeuka, akaipungia mkono kama abiria walivyokuwa wakimpungia yeye, akaenda zake.